Sekunde Kumi na Moja Kwenye Barabara ya Nangwa

Mmeniuliza, mmoja baada ya mwingine, ni kitu gani kilinipata kule Manyara hata nikarudi nimenyamaza. Nimeshindwa kuwajibu kwa mdomo, kwa sababu kila nikianza huanzia mahali tofauti, na kila mahali nilipoanzia nilionekana kuwa na hatia ndogo kuliko niliyonayo kweli. Nimeona afadhali niandike mara moja, kwa kufuata njia niliyopita, ili atakayenihukumu anihukumu akiwa na ushahidi wote.

Ushahidi wa kwanza mnaujua. Tangu utotoni mimi ni shabiki wa mbio ndefu. Wenzangu walipokuwa wakigombana juu ya mpira, mimi nilikuwa nikikaa saa mbili na zaidi mbele ya televisheni ya jirani, nikiwatazama watu wembamba wakikimbia katika miji ambayo sikujua kuitamka. Nilipoanza shahada ya uzamili ya takwimu, ushabiki huo ulihama kutoka moyoni ukaingia kwenye majedwali. Sikuacha kupenda. Nilianza tu kupenda kwa desimali.

Ndipo nikaandika lile andiko juu ya Paskalina. Yeye ni mkimbiaji wa kulipwa, mzaliwa wa Bashay, Mbulu, na kumbukumbu za saa anayovaa mkononi akiwa mazoezini zilikuwa wazi mtandaoni kwa yeyote. Niliona kwamba katika kila zoezi lake la kilomita kumi na tano husimama mara tatu, karibu mahali palepale: sekunde kumi na moja, sekunde tisa, sekunde kumi na nne. Kasi hushuka hadi sifuri, mapigo ya moyo huteremka, kisha huendelea. Kwa lugha ya kitaalamu na mchoro wa rangi tatu, nikahitimisha kwamba mapafu yake hayatoshi tena kwa marathoni. Sijawahi kuandika kitu kilichosomwa na watu wengi kiasi hicho. Kikawafikia hata waandaaji wa mbio fulani za ng'ambo waliokuwa wamemwalika, nao wakasita. Wakamwambia wakala wake amjaribu upya: kilomita thelathini, kwa muda usiozidi saa moja na dakika arobaini na nane. Akishindwa, nafasi yake apewe mwingine.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye; kilichonifikia kwanza ni ujumbe kutoka namba ngeni.

"Shikamoo dada. Mimi ni Paskalina. Nimesoma uliyoandika. Jaribio ni Jumanne. Kama una nafasi, njoo uione barabara yenyewe."

Neno la kwanza nililisoma mara nyingi kuliko mengine yote. Niliwaza kwamba ni kejeli. Nikawaza kwamba ni adabu tu, kwa kuwa nimemzidi miaka saba. Nikawaza kwamba ni mtego wa kuniaibisha mbele ya watu. Nilipomaliza kuwaza, Ijumaa ilikuwa imefika, nikafunga begi.

Arusha hadi Mbulu, sehemu kwa basi na sehemu kwa miguu

Hadi Babati hakuna la kusimulia. Babati nilibadilisha gari, nikapanda basi dogo la kwenda Mbulu, na basi hilo lilipoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa likachemka. Dereva alilizima, akafungua boneti, mvuke ukamfunika hadi kifuani, kisha akatutangazia kwa upole mkubwa kwamba gari litapanda, ila bila sisi.

Tukashuka na kutembea nyuma yake. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti zito juu ya koti jingine, Mzee Amnaay, aliyebeba begani mfuko wa mbegu za viazi. Nilikuwa nimemwamkia tangu Babati, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunihoji.

"Mwanangu, Mbulu unakwenda kwa nani?"

"Kwa mkimbiaji mmoja, babu."

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Haendi mahali, babu. Ndiyo kazi yake. Analipwa."

Alitembea hatua kadhaa akilitafakari hilo. "Anaanzia wapi na kuishia wapi?"

"Mara nyingi anaishia palepale alipoanzia."

"Analipwa kwa kurudi alikotoka?"

"Ndiyo, babu."

"Basi sisi wa huku tumedhulumiwa sana," akasema, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akacheka hadi akamkabidhi mwenzake kuku aliyekuwa amemshika.

Nilicheka pia, ila si kwa muda mrefu, kwa maana pumzi ziliniishia. Mzee Amnaay, na makoti yake mawili na mfuko wake, alikuwa ameshanitangulia hatua ishirini. Nilitazama saa yangu: mapigo mia moja sabini na sita. Kwenye andiko langu nilikuwa nimetumia sentensi nzima kueleza mwinuko wa sehemu hizi juu ya usawa wa bahari. Sasa mwinuko huo ulikuwa umenikalia kifuani.

Mbulu tuliingia jioni. Baridi ilikuwa ya aina ambayo mtu huvaa nguo zote alizobeba na bado akatazama pazia la dirisha kwa matumaini.

Bashay, na swali la mama

Hapa nilifanya kosa la kwanza la safari. Ujumbe wa Paskalina haukutaja mahali, na mimi sikuuliza. Kwa kuwa taarifa zake zote ziliandika "Bashay", Jumamosi nilikwenda Bashay. Mwenye pikipiki alinishusha mbele ya nyumba ya matofali iliyozungukwa na shamba la vitunguu saumu, na harufu yake ilikuwa nzito hata nikahisi nimeanza kula kabla ya kukaribishwa.

Mama yake Paskalina alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Nilimwamkia, nikajieleza: mimi ni mtafiti kutoka chuo kikuu, nimekuja kwa ajili ya mbio za Paskalina. Uso wake ulibadilika. Alinifutia kiti mara mbili, akaniletea bakuli la makande na kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando, kisha akaketi mbele yangu na kunitazama nikila.

Nilipofika nusu ya bakuli akasema kwa sauti ya chini, "Sasa daktari, niambie ukweli. Mapafu yameharibika kiasi gani?"

Kijiko kilisimama hewani.

Akaeleza. Jirani alimsomea habari kwenye simu, kwamba mtu msomi amegundua mapafu ya Paskalina hayatoshi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, amekuwa akiomba kanisa limwombee mtoto. Na kila wiki amekuwa akimtumia vitunguu saumu Nangwa, kwa shangazi yake anakoishi wakati wa mazoezi, avitafune vibichi, kwa sababu vinafungua kifua.

"Mama," nikasema, "mimi si daktari. Mimi ndiye niliyeandika."

Kuku walipita katikati yetu na kutoka upande wa pili.

"Ulimpima wapi?"

"Sikumpima. Niliona kwenye simu."

"Kwenye simu."

"Ndiyo, mama."

"Ulimwona anakohoa?"

"Hapana."

"Ulimwona ameshika kifua?"

"Hapana, mama. Niliona amesimama."

"Amesimama." Alilitamka neno hilo polepole, akigeukia shamba lake. "Mimi nikilima husimama. Jirani husimama. Hata ng'ombe wa jembe husimama. Nani ametuandika?"

Niliweka bakuli chini ili niondoke kabla sijafukuzwa.

"Maliza chakula," akasema. "Kwangu mtu haondoki na njaa, hata kama amenikosesha usingizi mwezi mzima."

Nilimaliza. Sijawahi kula kitu kitamu huku nikiona aibu kiasi kile. Wakati wa kuondoka alinipa mfuko uliojaa vitunguu saumu. "Mpelekee. Mpaka aje mtu aliyemwona kwa macho aniambie ni mzima, ataendelea kutafuna."

Nangwa, tangazo na mwenye mapafu

Nilishuka hadi Nangwa, Hanang, jioni ileile kwa gari la Noah, tukiwa abiria tisa, mbuzi mmoja na mfuko wangu, ambao kila abiria aliutolea maoni. Mlima Hanang ulitokea upande mmoja wa kioo na haukuondoka tena. Ni mlima unaosimama peke yake, na mtu anayewaza sana hapaswi kuutazama kwa muda mrefu, kwa sababu hauhusiani na wazo lolote.

Jumapili nilikwenda misa Nangwa nikijua nitamkuta. Mwisho wa misa katekista alisoma matangazo ya Kiswahili: usafi wa eneo la kanisa, ndoa mbili. Kisha akaongeza tangazo moja refu kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji. Nilisikia jina la Paskalina. Watu waligeuka kumtazama msichana mwembamba aliyeketi karibu na mlango, naye akainamisha kichwa. Mzee mmoja akainuka, akawapa wenzake mgongo kama anayeonyesha namna ya kufanya jambo fulani, na kanisa zima likacheka. Sikuelewa. Niliandika tu kwenye daftari langu: *wanamcheka*.

Nje alinifuata mwenyewe. Ana sauti ndogo, na mikono yake haina pa kukaa anapoongea.

"Shikamoo dada. Umefika."

"Marahaba. Nimepitia Bashay. Mama amekutumia huu."

Alipounusa mfuko alifumba macho. "Vingine? Wenzangu wameshakataa kukimbia nyuma yangu."

Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi tangu Arusha, yenye utangulizi na sehemu tatu. Nilitoa sentensi moja, ikakatika. Alisubiri kwa heshima kuona kama kuna nyingine, kisha akasema, "Kesho nina zoezi jepesi. Panda pikipiki ya Bosko, uje nyuma."

Bosko ni binamu yake, mtu mzima mwenye watoto wawili na maoni juu ya kila jambo. Jumatatu asubuhi nilikaa nyuma yake, saa ya kupimia mkononi, na Paskalina akaondoka.

Ndugu zangu, televisheni inadanganya. Kamera hukimbia pamoja na mkimbiaji, kwa hiyo anaonekana kama ametulia huku miji ikirudi nyuma. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona kasi yenyewe. Kule nilimwona mtu wa kawaida, aliyekuwa amesimama akifunga kamba za viatu, akageuka kitu kingine kabisa. Vumbi halikupata muda wa kuinuka. Liliinuka baada yake, kama lililochelewa kupata habari. Bosko alilazimika kubadilisha gia. Nilisikia nyayo zake, nyepesi, za haraka, zenye mpigo usiobadilika, na nikagundua kwamba nywele za mikono yangu zimesimama. Bosko akaniambia akigeuza kichwa, "Hili ndilo zoezi jepesi."

Kwenye kilomita ya nne, bibi mmoja alikuwa amesimama penye lango la ua wake. Paskalina akapunguza, akasimama kabisa, akainama kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Mama mzima?"

"Mzima. Asante."

"Haya. Kimbia."

Nilitazama saa. Sekunde kumi na moja.

Sitaki kueleza kwa kirefu nilivyojisikia. Kwenye kilomita ya tisa kulikuwa na mwalimu mstaafu: sekunde tisa. Kwenye ya kumi na tatu, mzee aliyekuwa akitengeneza uzio: sekunde kumi na nne. Michoro yangu ya rangi tatu ilikuwa imesimama kando ya barabara, imevaa kofia na kandambili, ikijibu "Marahaba".

Alipomaliza, alikuja akijifuta uso. "Umehesabu?"

"Kumi na moja, tisa, kumi na nne."

"Yule wa mwisho ni kumi na nne kwa sababu huuliza na habari za mvua."

"Huwezi kuwaamkia huku ukipita?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kula huku amelala. "Nikimwamkia huku napita, dada, nimemwamkia au nimemkimbia?"

"Na kesho?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akachora mstari mchangani kwa ncha ya kiatu. "Kesho nitasimama. Nimezaliwa hivyo. Nikijilazimisha kupita, miguu itakuwa mizito kuliko nikisimama."

Nilipiga hesabu usiku kucha kichwani: sekunde thelathini na nne kwa watatu hao peke yao, na muda wa wakala haukuwa na nafasi ya sekunde kumi. Nafasi ya Paskalina ng'ambo, ambayo mimi niliitia shaka, ingepotea kwa sababu ya adabu yake.

Kilomita thelathini

Wakala, Bwana Kweka, alifika alfajiri kutoka Arusha. Ni mtu mfupi anayechechemea. Zamani alikuwa mkimbiaji, na goti ndilo lililomstaafisha. Nilipojitambulisha alinitazama tangu viatuni hadi kichwani, akanipa saa yake ya kupimia.

"Wewe ndiye uliyeanza," akasema, "wewe utamaliza. Shika. Na usinitajie kitu ambacho saa haijasema."

Njia ilikuwa ile ya vumbi inayotoka Nangwa kuelekea Mogitu, kilomita kumi na tano kwenda na nyingine kurudi. Bwana Kweka alitangulia kwa gari. Saa moja asubuhi Paskalina akaondoka, mimi na Bosko nyuma.

Kwenye kilomita ya nne nilimtafuta bibi kwa macho. Alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda penye lango lake, lakini ameipa barabara mgongo. Hakugeuka. Paskalina akapita.

Mbele kidogo, wanawake watatu waliokuwa wakienda shamba walisimama kando, wakageukia mahindi. Mwanamume mwenye baiskeli aliiegemeza, akatazama mti. Kwenye kilomita ya tisa mwalimu mstaafu alikuwa ameshika nguzo ya ukuta wake kwa mikono miwili, uso ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nyumba baada ya nyumba, shamba baada ya shamba, wazee wa njia nzima walikuwa wametoka nje, na wote walikuwa migongo: makoti, kanga, mablanketi, kofia za sufu.

Nilikumbuka kicheko cha kanisani. Nikaunganisha mambo, kama nilivyozoea kuyaunganisha. Andiko langu limewafikia. Wanamwona ameliaibisha eneo lao, na sasa wanamtenga hadharani, siku anayowahitaji kuliko zote. Machozi yalinitoka ndani ya vumbi.

"Bosko," nikasema sikioni mwake, "wanamtenga kwa sababu yangu."

"Nini?"

"Wamempa mgongo!"

Alicheka hadi pikipiki ikayumba. "Dada, hukusikia tangazo Jumapili?"

"Lilikuwa kwa Kiiraqw!"

"Ahaa. Pole. Walikubaliana: leo asiwepo mzee wa kumtazama. Wakimtazama, atasimama. Wakimpa mgongo, hawajaonana. Mtu ambaye hamjaonana naye humwamkii."

"Nani aliyewaza hivyo?"

"Yule bibi wa kilomita ya nne. Alimfuata katekista mwenyewe, na fimbo yake."

Tulikwenda kilomita mbili. Nilitazama migongo. Sasa niliona kwamba vichwa vyao vilikuwa vimeinama upande mmoja kidogo, walikuwa wakisikiliza. Walikuwa wameacha kazi zao, wakavaa nguo safi, wakatoka barabarani kwa ajili ya mtu wao anayekimbia, kisha wakajinyima kumwona. Mimi nimelipia vifurushi vya intaneti ili nione. Nimekesha ili nione. Nilidhani kutazama ndicho kitu kikubwa ambacho shabiki anaweza kumpa mkimbiaji, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama kuna mkimbiaji aliyewahi kukihitaji. Mzee wa uzio, yule wa habari za mvua, alikuwa ameziba masikio pia, nadhani kwa kutojiamini.

Mogitu, mahali pa kugeukia, saa ilisoma dakika hamsini na tatu na sekunde hamsini. Sekunde kumi za akiba. Kisha tukageuka, na upepo wa tambarare ukatukuta usoni. Kilomita moja baada ya nyingine akiba ikaisha, na deni la muda likaanza kukua. Mabega ya Paskalina hayakupanda. Mpigo wa nyayo haukubadilika. Ila saa ilikuwa ikisema lile ambalo saa husema.

Kwenye kilomita ya ishirini na nne kulikuwa na ng'ombe. Wengi, wakivuka taratibu, na katikati yao mzee mfugaji wa Kibarbaig, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, uso wake ukiwa umeelekea kwetu moja kwa moja.

"Mzee Gidabayda," Bosko akasema. "Huyo hasali kwetu. Hakuna aliyemwambia."

"Tupite mbele tumwambie!"

"Nimwambie mzee anipe mgongo? Mimi? Sema wewe, msomi."

Alikaza mwendo, tukampita Paskalina, tukafika. Niliruka chini.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Arusha, baba. Tafadhali, kuna..."

"Arusha wazima?"

"Wazima, baba, lakini..."

"Mvua ipo?"

"Ipo kidogo. Baba, naomba..."

"Ng'ombe wenu wanapata majani?"

Na hapo, ndugu zangu, mimi niliyekuwa nimemuuliza Paskalina kwa nini hawezi kuamkia huku akipita, nilishindwa kumkatisha. Nilikuwa bado nikijibu habari za ng'ombe ambao sina nilipozisikia nyayo nyuma yangu zikipungua. Zikasimama.

"Shikamoo baba," alisema Paskalina. Jasho lilikuwa likidondoka kidevuni.

Mzee akasahau ng'ombe wa Arusha. "Marahaba, mtoto." Aliinama, akachuma majani mabichi ukingoni mwa barabara bila haraka, akayaweka kwenye kiganja cha Paskalina na kukifunga kwa mkono wake mwenyewe. Alisema maneno machache kwa lugha yake, kama anayebariki. Kisha akapiga mluzi mara moja, na ng'ombe wakaachana katikati kama pazia.

Sekunde kumi na tisa. Nyingi kuliko zote nilizowahi kumpima.

Kilichofuata sitaweza kukiweka kwenye jedwali. Zilibaki kilomita sita na upepo ulikuwa uleule. Paskalina aliondoka pale na majani yamefumbatwa mkononi, na kwa mara ya kwanza nilisikia mpigo wa nyayo ukibadilika. Bosko aliacha kuongea. Migongo ilipita upande huu na upande ule, na nilimwona mama mmoja, bila kugeuka, akiinua mkono juu ya kichwa chake na kuuacha hapo hadi nyayo zilipopotea. Niliogopa. Ni neno sahihi. Niliogopa kama mtu anavyoogopa akiwa karibu sana na radi.

Bwana Kweka alikuwa amesimama mwishoni, mikono nyuma. Nilibonyeza saa Paskalina alipovuka mstari ambao Bwana Kweka aliuchora kwa kisigino.

"Ngapi?"

Niliisoma. "Saa moja, dakika arobaini na nane, sekunde saba."

Bwana Kweka alitazama mstari wake.

"Lakini kuna sekunde kumi na tisa," nikaanza, "kwenye kilomita ya ishirini na nne, na makosa yalikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa..."

"Usizitoe, dada," Paskalina akasema. Alikuwa ameinama, mikono magotini. "Nilisimama mwenyewe. Ni zangu."

Bwana Kweka alimtazama yeye, kisha mimi. "Kilomita sita za mwisho?"

"Dakika ishirini, sekunde hamsini na tano."

Aliomba saa, akaikagua mwenyewe. Alichechemea hadi kwenye gari na kurudi. "Tangu kilomita ya nne," akasema, "nimekuwa nikipunga mkono kwa visogo. Nimekimbia miaka kumi na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kunigeuzia mgongo kwa namna hiyo." Akasafisha koo. "Waandaaji waliniuliza kama mapafu yanatosha. Yanatosha. Hizo sekunde saba nitazijibu mimi. Unakwenda."

Paskalina aliketi chini, palepale mchangani, akaomba simu ampigie mama yake. Walizungumza kwa Kiiraqw, kisha akanipa mimi.

"Umemwona kwa macho?" mama akauliza.

"Nimemwona, mama."

"Na?"

"Ni mzima. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

"Haya," akasema. "Mwambie vitunguu vilivyobaki ampe shangazi."

Andiko la pili nimeliandika, kama mlivyoona baadhi yenu. Limesomwa na watu wachache sana ukilinganisha na la kwanza. Nimeliacha hivyo, na lile la kwanza nimeliacha pia, na kosa lake limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa.

Kurudi kwa miguu

Nilidhani tungekwenda kupumzika. Shangazi alikuwa ameandaa chai ya maziwa na viazi vitamu. Paskalina alikunywa kikombe kimoja akiwa amesimama, akavua viatu vya mbio, akavaa kandambili.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Barabarani. Wote wale leo sijawaamkia."

"Umetoka kukimbia kilomita thelathini!"

"Ndiyo maana natembea."

Nilikwenda naye. Tulipita nyumba kwa nyumba, na kila mahali ilikuwa kuinama, kuuliza hali za nyumbani, kukataa kikombe cha kwanza na kukubali cha pili. Wengine walitaka aeleze jinsi alivyokimbia, kwa kuwa hawakuona. Na yeye, ambaye hajui kujisimulia, aliwaambia tu kwamba upepo ulikuwa mwingi. Mimi ndiye niliyesimulia. Niliwaeleza mkono, bega, vumbi lililochelewa. Walinisikiliza kwa makini, na nadhani ndiyo mara ya kwanza utaalamu wangu umemsaidia mtu.

Tulipofika kilomita ya nne jua lilikuwa limepanda. Bibi alikuwa bado kwenye kigoda chake penye lango, mgongo barabarani, ungo wa maharage mapajani, akiyachambua kwa vidole. Hakuna aliyekuwa amepita kumwambia kwamba mbio zimekwisha. Alisikia kandambili, akaacha kuchambua, lakini hakugeuka.

Paskalina alimzunguka hadi mbele yake, akapiga magoti mavumbini.

"Shikamoo bibi."

Sikutazama saa.